Ng'ombe wa Kiingereza, Nyama ya Kifaransa

Wenzangu darasani hudai Kiingereza ni lugha ya mabwana tangu enzi. Si kweli hata kidogo. William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wapya walizungumza Kifaransa. Ng'ombe zizini akabaki "cow", neno la mchungaji. Nyama yake mezani ikawa "beef", neno la mlaji. (Walter Scott aliutumia mfano wa namna hii katika Ivanhoe, mimi naona unarahisisha mno.) Kiini hasa ni mahakama: "judge", "jury", "prison", yote ya Kifaransa. Maskini alishtakiwa kwa lugha asiyoielewa. Mwaka 1362 Bunge likaamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza. Na sheria yenyewe, jamani, ikaandikwa kwa Kifaransa!