Nazi za Bikini

Wasikilizaji, hapa Kirua Vunjo mtu akirudi katika kihamba cha baba yake baada ya kukaa mbali miaka mingi, hutazama kwanza kama migomba ingali hai na kama maji yangali yakipita katika mfereji. Akiyaona hayo, moyo wake hutulia. Leo napenda kuwaeleza habari za watu waliorudi kwao wakakuta minazi imesitawi, lakini hatari iliyokuwamo haikuonekana kwa macho.

Watu hao ni wa Bikini, visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 1946 serikali ya Marekani iliwahamisha watu 167, ikajaribu huko mabomu 23 ya atomiki hadi mwaka 1958. Mwaka 1968 waliambiwa kwamba waweza kurudi, na baada ya miaka michache jamaa kadhaa walirudi.

Swali lilikuwa hili: Mtu akikaa pale, atapata mionzi kiasi gani? Ziko hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mionzi itokayo ardhini. Hiyo hupimwa kwa chombo, kisha huzidishwa kwa saa ambazo mtu hukaa nyumbani, shambani na pwani. Ya pili ni ya chakula. Hupimwa mionzi iliyomo katika kila ratili, kisha huulizwa: Mtu hula ratili ngapi kwa siku?

Hesabu hii ya pili ndiyo ngumu. Katika mchanga wa Bikini ilibaki sesiamu, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 30. Mnazi hauwezi kuitenga vema na potasiamu, ile chumvi iliyomo katika majivu tunayomwaga migombani. Basi huivuta mpaka ndani ya nazi. Nao watu walikula nazi na kunywa madafu. Miili yao ilipopimwa, sesiamu ilikuwa imezidi mno, na mwaka 1978 wakahamishwa tena.

Baadaye wataalamu walitia mbolea ya potasiamu katika ardhi ile, wakaona sesiamu imepungua sana katika nazi. Lakini wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka.

Basi, apimaye nchi asipime udongo peke yake. Na aingie jikoni, aulize wenyeji hula nini na kiasi gani. Huko ndiko hesabu inakoanzia.