Wahitimu Walionyamaza

Kila mwaka, miezi michache baada ya mahafali, mhadhiri wa chuo kikuu huanza kupokea habari za wanafunzi wake wa zamani. Huyu ameajiriwa benki. Yule amekwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili. Mwingine ameoa na anafundisha fizikia mkoani. Zamani habari hizo zilifika kwa barua, siku hizi hufika kwa simu ya mkononi, lakini tabia yake ni ile ile: karibu zote ni habari njema. Asiyefanikiwa aghalabu haandiki. Kwa hiyo mtu anayejumlisha barua alizopokea hajumlishi wahitimu, bali anajumlisha waandikaji wa barua.

Hadi miaka ya 1980 jambo hili halikuwa zito sana hapa Tanzania. Wahitimu walikuwa wachache, na serikali ndiyo iliyowapangia walio wengi vituo vya kazi. Leo mhitimu hujitafutia mwenyewe, na chuo kikitaka kujua yaliyompata hakina budi kumpelekea hojaji. Matokeo ya hojaji hizo husomwa na wazazi na wanafunzi wa kidato cha sita wanaochagua masomo. Hesabu ikikosewa, kijana hupotea njia kwa miaka mitatu au minne.

Kosa hili si la nchi changa peke yake. Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani, Darrell Huff, alitoa kitabu kidogo juu ya hila za takwimu. Mfano wake wa mwanzo ni wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1924, ambao ilitangazwa kwamba kila mmoja alipata kwa wastani dola 25,111 kwa mwaka. Huff aliuliza swali jepesi: je, wale ambao anwani zao zilikuwa zimepotea, na wale waliopata karatasi wasiijibu, walikuwa matajiri au maskini? (Alihoji pia: mtu gani huyajua mapato yake ya mwaka mzima hadi dola ya mwisho?) Tena wastani wenyewe huvutwa juu na matajiri wachache. Ni afadhali kuwapanga watu kwa mapato yao, kisha kumtazama aliye katikati ya mstari.

Lakini tuurudie ukimya, maana hapo ndipo penye shida kubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Darasa lilikuwa na wahitimu 40. Waliojibu ni 18, na kati yao 15 wana kazi. Tangazo la chuo litasema: asilimia 83 wameajiriwa. Je, ni kweli? Tuchukulie kwanza kwamba wote 22 walionyamaza hawana kazi. Hapo wenye kazi ni 15 kati ya 40, yaani asilimia 37.5. Sasa tuchukulie kwamba wote 22 wanayo. Wenye kazi ni 37, yaani asilimia 92.5. Ukweli umo mahali fulani kati ya mipaka hiyo miwili, nayo imeachana mno. Hojaji yetu, pamoja na gharama zake zote, haijatuambia mengi.

Dawa ipo. Ilielezwa mwaka 1946 na Morris Hansen na William Hurwitz, wanatakwimu wa ofisi ya sensa ya Marekani. Badala ya kuwaandikia tena wote 22 na kuambulia majibu mawili, chagua sita kati yao kwa kura, kisha watafute hao sita kwa bidii zote: nenda kwao, uliza jirani, uliza mjomba. Kura ni ya lazima. Ukichagua wale tu wanaokaa karibu na kituo cha basi, umerudi kule kule kwenye kosa la mwanzo. Tuseme umewapata wote sita, na wawili wana kazi. Ni theluthi moja. Basi kati ya walionyamaza 22 tunakadiria kwamba saba hivi wana kazi. Ukijumlisha na wale 15 unapata 22 kati ya 40, yaani asilimia 55. Watu sita ni wachache, na kadirio hili laweza kuyumba sana, lakini halina upendeleo uliokuwamo katika ile asilimia 83.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, hodari wa hesabu, alikuwa katika orodha yangu ya wasiojulikana kwa miaka miwili. Nilimkuta sokoni akitengeneza simu, amezungukwa na vijana wawili anaowafundisha kazi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema huku akiinamisha uso. Nilipomwuliza mbona hakujibu, alinijibu: "Karatasi iliuliza mwajiri wangu ni nani. Ningeandika nini?"

Kosa, basi, halikuwa lake. Lilikuwa katika swali. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulikubaliana mwaka 1982 kwamba aliyefanya kazi ya kipato hata kwa saa moja katika juma la kuulizwa ahesabiwe kuwa ana kazi, awe ameajiriwa au amejiajiri. Kwa kipimo hicho fundi wetu anahesabiwa. Lakini huhesabiwa pia aliyeuza karanga kwa saa moja tu huku akingoja barua ya usaili. Kwa sababu hiyo ni lazima kuuliza pia saa alizofanya kazi, na kama bado anatafuta nyingine.

Walimu wa hesabu wanaweza kuijaribu kazi hii na wanafunzi wao. Chukueni daftari la waliomaliza kidato cha nne miaka mitano iliyopita. Andikeni kwanza mliosikia habari zao bila kuuliza. Kisha pigeni kura kwa waliobaki, mwatafute waliochaguliwa, na swali la kwanza liwe hili: "Juma lililopita ulifanya kazi gani ya kukupatia riziki, na kwa saa ngapi?"