Kabla ya Kusema "Taa Imeungua"

Mwendeshaji wa bodaboda anayekwenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 katika kila sekunde. Taa yake kubwa ya mbele ikizimika ghafla usiku wa kiza, yeye na abiria wake huwa wamekwisha kupita urefu wa madarasa mawili kabla hata hajatanabahi kilichotokea. Akiwahi kusukuma swichi ya mkononi kutoka "dimu" hadi "fulu", huenda mwanga ukarudi, maana balbu ya pikipiki ndogo aghalabu huwa na nyuzi mbili ndani yake, na yamkini ni mmoja tu uliokatika. Hapo hupata nafasi ya kupunguza mwendo taratibu, kuwasha indiketa na kujiondoa barabarani.

Hayo ni ya usiku. Ninayotaka kuyazungumzia ni ya asubuhi yake, pale mwendeshaji anapofika kwa fundi wa jua kali na kutamka maneno mawili tu: "Taa imeungua." Fundi naye, maadamu ameshatajiwa ugonjwa, hachelewi kutoa dawa. Anabandua balbu, anatia mpya, anapokea fedha. Pengine taa huwaka na mambo yakaishia hapo. Pengine haiwaki, au huwaka siku mbili kisha ikazimika tena, na safari ya dukani ikaanza upya. Yule mwendeshaji, ambaye labda bado analipia mkopo wa chombo chenyewe, hulazimika kuacha kazi ya jioni, ambayo ndiyo yenye abiria wengi, au kuifanya gizani.

Mtu wa isimu hawezi kuyasikia maneno hayo mawili bila kuyapima. "Taa haiwaki" ni taarifa ya kile ambacho jicho limeona. "Taa imezimika" nayo ni taarifa, ila inaongeza kwamba hapo awali ilikuwa ikiwaka. Tena kiambishi -ik- kinaeleza hali bila kumtaja mtendaji, na uzuri wake ni huo, kwa kuwa hakimshtaki yeyote. "Imeungua", kinyume chake, ni hukumu. Imekwisha kumchagua mkosaji, naye ni balbu, kabla hata shahidi mmoja hajaitwa. Waama usemi wetu wa mitaani, "stima zimepotea", ambao baadhi ya walimu wa Kiswahili huukunjia uso, una busara yake: kitu kilichopotea hutafutwa.

Basi na tutafute. Umeme wa pikipiki hutoka kwenye betri, ukapitia fyuzi, ufunguo, swichi ya mkononi na soketi ya balbu, kisha hurudi kwa waya uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Njia hiyo ni duara. Penye pengo popote taa haiwaki, na kwa anayetazama kioo cha taa kwa mbele, pengo moja hufanana na jingine. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza maswali, na la kwanza halihusu taa kubwa hata kidogo: je, ni kitu gani kingine kilichonyamaza? Honi inalia? Indiketa zinawaka? Taa ya breki je? Iwapo vyote vimekufa kwa pamoja, balbu haina hatia. Atazame fyuzi kuu na vichwa vya betri, ambavyo hulegea kwa mitikisiko ya barabara zetu za changarawe. Iwapo kilichonyamaza ni taa kubwa pekee, utafutaji umepungua ukawa wa sehemu ndogo ya njia. Na ndani ya sehemu hiyo mna swali jingine: ni dimu iliyopotea, au fulu, au zote mbili? Ikipotea moja, uzi wa balbu au swichi ya kubadilishia ndiyo ya kushukiwa. Zikipotea zote mbili kwa wakati mmoja, mtu ajiulize ni mara ngapi nyuzi mbili hukatika katika sekunde ileile. Ni nadra. Yafaa tushuku kile kinachotumiwa na zote mbili: soketi, kiungo cha nyaya, au ule waya wa kurudia.

Swali la tatu huwakosesha hata werevu. Katika pikipiki nyingi ndogo, hasa za miundo ya zamani, taa kubwa hailishwi na betri bali na jenereta iliyomo ubavuni mwa injini. Ndiyo maana hung'aa dereva anapovuta mafuta na hufifia anaposimama. Mtu akifungua ufunguo bila kuwasha injini, akaona giza, kisha akatangaza kwamba taa ni mbovu, amemtia hatiani asiye na kosa. "Haiwaki" peke yake haikutosha hapo. Ilihitaji kielezi cha wakati.

Kisha geuza usukani, kulia na kushoto, taa ikiwa imewashwa. Nyaya zote za mbele hupita shingoni mwa pikipiki na hupindwa kila inapokata kona. Baada ya miaka michache shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likiwa zima kabisa. Mwanga ukipepesa usukani unapogeuka, hapo pamepatikana pa kupasua.

Sasa niwageukie walimu wa fizikia, kwa kuwa hapa pana somo ambalo ni tamu kuliko mifano mingi ya vitabuni. Fundi mwenye mita hugusisha ncha zake kwenye soketi, akaona 12 volti, akasema umeme unafika. Akitia balbu iliyo nzima, haiwaki. Nani mwongo? Hakuna. Balbu ya wati 35 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 3, kwa hiyo ukinzani wake ikiwa moto ni omu 4 hivi. Mita ya kisasa, ambayo ukinzani wake hufikia mamilioni ya omu, haivuti karibu chochote. Kiungo kilichooza kwa ile kutu ya kijani, chenye ukinzani wa omu kadhaa, hakiizuii mita kusoma volti zote. Lakini balbu inapodai ampea zake, sehemu kubwa ya volti hupotelea kwenye kutu. Ndiyo sababu mafundi wengine hawaiamini mita, wakatumia balbu ndogo ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili: waya mmoja kwenye chuma, wa pili kwenye soketi. Hiyo huvuta mkondo wa kweli, na ikififia imesema ukweli ambao mita ilikuwa haikuulizwa. Fundi akitaka kuthibitisha kwamba lawama ni ya waya wa kurudia, huunganisha waya mzima kutoka soketi hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ikiwaka, shauri limekwisha kwa gharama ya kipande cha waya.

Mwanafunzi wa shule ya upili hujifunza kanuni hiyohiyo ya Ohm, huikokotoa kwa Kiingereza katika mtihani na kupata alama. Fundi huitumia kila siku kwa Kiswahili bila kujua jina lake. Wawili hao wakikutana kando ya barabara, hawana lugha ya kubadilishana walicho nacho. Na si kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, na "ukinzani", "mkondo" na "saketi" si maneno ya kumtisha mtu. Katiba yetu ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mada ya insha ya maelezo angeweza kuwatuma wanafunzi wake kwenye kituo cha bodaboda wakaandike, kwa sentensi zisizo na hukumu, dalili za taa moja mbovu. Mwalimu wa fizikia wa darasa la pili angezisahihisha pamoja naye. Nina hakika wangebishana, na ubishi huo ungekuwa na faida.

Neno moja juu ya fyuzi, kwa kuwa huchezewa mno. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Kuweka mahali pake waya wa shaba au karatasi ya sigara yenye kung'aa hurudisha mwanga, ni kweli, lakini penye shoti sasa kitakachoungua ni mkungu mzima wa nyaya, nao huungua chini ya tangi la petroli. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Autafute huo kwanza, akianzia shingoni na mahali alipochomeka taa za mapambo na chaja ya simu.

Imebaki hali moja ambapo "imeungua" ni kauli ya kweli: balbu imetolewa, uzi umeonekana umekatika, kioo kimeingia weusi. Hata hapo swali halijaisha, hasa kama ni ya tatu kwa mwezi mmoja. Kiswahili hutofautisha kuungua na kuunguzwa, nayo balbu ya namna hiyo imeunguzwa. Mtendaji aliyefichika mara nyingi ni reguleta, kile kijisanduku cha chuma chenye mapezi kinachopaswa kuzuia umeme wa jenereta usizidi kiasi. Injini ikiwa katika mwendo wa kati, mita kwenye betri yenye afya husoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda ikapita 15, fedha ya balbu ya nne inafaa kuongezwa ikanunua reguleta.