Siku nne mbali na jiko

"Nani atawapikia?" Swali hilo tuliulizwa na waume, na mama wakwe, hata na watoto wenyewe, tangu Jumapili ile ilipotangazwa kanisani kwamba akina mama kumi na wawili wa Kibondo tungekwenda Kasulu kwa mafungo ya siku nne. Ilikuwa Agosti 2013, maharage yamekwisha kuingia ndani na mvua bado. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto saba, hakuwa amelala nje ya nyumba yake tangu aolewe, isipokuwa wodini alipojifungua. Alikuja kituoni alfajiri na kitinda mimba wake mgongoni, na mkononi sufuria kubwa. Sufuria ya nini, mama, na huko tutapikiwa? Akasema yeye hawezi kukaa bure.

Mpenzi msomaji, huenda nawe ungebeba sufuria. Katika kazi yetu ya uuguzi tunakutana kila siku na akina mama wanaolalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Tunapima presha, tunawapa vidonge vyao, tunawaambia, "Ukapumzike." Ni mara chache tunamwuliza mtu atapumzikia wapi.

Siku hizi lami imewekwa sehemu kubwa ya njia hiyo, lakini wakati ule ilikuwa vumbi jekundu lililopenya hadi ndani ya kanga. Tena kulikuwa na hofu ya majambazi, na magari yalisindikizwa na askari wenye silaha. Ukiachwa na msafara, umeachwa. Dereva wetu alitukumbusha jambo hilo mara tatu kabla hatujatoka mjini.

Tulipita misitu ya miombo yenye mizinga ya nyuki juu ya miti, maana asali ndiyo sifa ya Kibondo, tukavuka Mto Malagarasi tukiimba. Ng'ambo yake nyumba zimejipanga kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi. Zilianza kupangwa hivyo mwaka 1972, wakati wa Operesheni Kigoma, wananchi walipohamishwa kutoka vilimani na kuwekwa vijijini. Bibi mmoja garini alikuwa mwali wakati huo. Alitusimulia pia habari za mama yake, aliyeachwa miaka mitatu na mume aliyekwenda manamba kukata mkonge Tanga, kama walivyokwenda Waha wengi enzi za mkoloni. "Na hakuna aliyeuliza nani atampikia," akasema, gari zima likacheka.

Kicheko kilikatika karibu na Mvugwe. Mwanamke alikuwa katikati ya barabara anapunga kanga, mtoto mkononi amekakamaa, macho yamegeuka. Degedege. Zahanati ilikuwa nyuma, tulikotoka. Dereva akasema tukirudi, msafara utatuacha. Wawili watatu wakasema Mungu atamsaidia, tuendelee. Tuseme kweli: hata sisi wauguzi tulitazama saa kwanza. Tulikuwa tumeomba likizo ile kwa miezi mingi. Wakati tunaitazama saa, mama wa sufuria alikwisha kufungua mlango na kumvuta yule mwanamke aketi mahali pake.

Jirani mmoja alikuwa amemshauri mama yule mtoto afukizwe kwanza, na mwingine anamtafutia kijiko cha kumtia kinywani. Akina mama, tusifanye hivyo. Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, nguo zilegezwe, asiwekewe wala asinyweshwe kitu chochote kinywani, na apelekwe penye dawa upesi. Hilo si pepo wala ndege wa usiku. Kwa watoto wetu wa Kigoma, mkoa wenye malaria nyingi, mara nyingi ni malaria kali, nayo huua kwa saa, si kwa siku.

Zahanati walimchoma kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa ya kutuliza degedege na sindano ya kwanza ya malaria. Kisha mganga akasema lazima afike hospitali Kasulu, na gari lililokuwapo ni letu. Mama wa mtoto alitutazama, akauliza, "Na walioko nyumbani, nani atawapikia?"

Hakuna aliyecheka. Yule bibi alishuka palepale, akasema yeye atabaki na watoto wale, mafungo yake Mungu ameyapanga kijijini. Tulimpitia siku ya kurudi.

Msafara ulikuwa umekwenda zamani. Tuliingia Makere jua linazama, karibu na kambi ya Nyarugusu iliyopokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996, na kutoka hapo hakuna aliyezungumza. Kila pikipiki iliyotokea mbele ilitukausha mate. Tulifika hospitali saa mbili usiku salama. Mama wa sufuria akamkabidhi yule mwanamke sufuria yake, kwa kuwa mgonjwa wa kulazwa huhitaji uji, na uji hauchemki kiganjani.

Nyumba ya mafungo iko kilimani, upande wa Heru Juu, penye baridi ya asubuhi na ukungu unaokaa bondeni hadi saa tatu. Huko Heru alitawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke, kabla serikali haijafuta uchifu baada ya Uhuru. Tulikuwa tumepanga masomo mengi. Siku ya kwanza nusu yetu walilala hadi saa nne, na mchungaji, kwa busara, akawaacha. Mama wa sufuria alikaa barazani, mikono mapajani, akiitazama kama si yake. Siku ya tatu tulimkuta analia taratibu. Tulipomwuliza, akasema haumwi, amechoka tu, na hakuwahi kupata nafasi ya kujua.

Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali. Mtoto alikuwa ameketi kitandani anagombania kijiko na mama yake, uji umemwagika shukani. Sufuria tuliiacha.

Jumapili iliyofuata tulimwuliza mwenzetu nyumbani walikulaje. Watoto, akasema, walikula ugali wenye mabuja siku nne, na baba yao aliupika mwenyewe. Naye alipoingia mlangoni, neno la kwanza la mume lilikuwa, "Karibu, mama. Sufuria iko wapi?"