Fahamu: Kwa nini UVIKO-19 iliwaumiza zaidi wachuuzi wa Arua na Koboko, wilaya za mpakani kaskazini-magharibi mwa Uganda?

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri, ila malori ya mizigo yakaruhusiwa. Mchuuzi aliyezoea kuvuka kwa miguu kwenye vituo vya mpakani vya Oraba au Vurra alipoteza riziki. Kwa Wakakwa na Walugbara, jamii za huko zenye ndugu na wateja ng'ambo ya mpaka, mpaka ndio soko.

Juni, usafiri wa umma uliporejea kwingineko, wilaya za mpakani ziliendelea kuzuiwa.

Na wakimbizi wanaohifadhiwa eneo hilo? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, lakini vibarua viliadimika. Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipunguza mgao wao kwa asilimia 30.

Amri ni moja, maumivu hayakulingana. Janga lijalo, msaada uanzie mpakani.