LIKIZO KATIKA MABWAWA YA BANGWEULU: MFUATE KIONGOZI

Ndugu wafanyakazi, mto Luapula unaotutenga na Zambia unatoka katika mabwawa ya Bangweulu. Wageni wanakwenda kule kutazama ndege, zaidi korongo nyangumi: ndege wa rangi ya majivu, mrefu kupita metre moja, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Anasimama kimya katika matete akingojea samaki.

Kiongozi wa safari anajua mahali ambapo majani yanaelea tu juu ya maji: ukikanyaga vibaya, unazama. Anajua pia maficho ya mamba. Akisema «simama», mgeni anasimama, hata kama amelipa pesa nyingi. Ni kama kule shimoni: kapita akikataza kupita, hatubishani.

Shika sheria hizi:

— Meza dawa ya kuzuia malaria kama muganga alivyoagiza, na usiku lala ndani ya chandarua.

— Usioge katika maji yaliyotulia. Kichocho kinaingia kwa ngozi.

— Usikaribie kiota. Korongo huyu hutaga mayai mawili hivi, na mara nyingi kinda mmoja tu anapona. Wako watu wanaoiba makinda na kuyauza. Kwa hiyo wavuvi wa Bangweulu wameajiriwa kulinda viota.

Ukishikwa na homa baada ya kurudi, usingoje. Nenda hospitali, umwambie muganga ulikotoka. Bibi na watoto wanataka kusikia habari za ndege kutoka kinywani mwako mwenyewe, ukiwa mzima.