Nyota Darini

Usiku wa Juni au Julai, mtu akitoka nje ya mji wa Mpanda na kusimama mahali pasipo taa, huona mbingu zimejaa nyota toka ukingo hata ukingo. Mvua zimekwisha koma, hewa ni kavu, wala wingu halionekani. Baadaye watu huchoma nyasi porini, na moshi wake huzifunika zile nyota zilizo chini karibu na miti. Kisha mwezi wa Novemba mvua huanza, nazo huendelea mpaka Aprili. Na katika miezi hiyo yaweza kupita siku nyingi isionekane hata nyota moja.

Hapo ndipo penye hasara. Kwa maana Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake latokana na neno kulima, huonekana jioni katika miezi hiyo hiyo ya mvua. Mwishoni mwa Novemba huzuka upande wa mashariki mara jua lichwapo, na katika mwezi wa Mei huzama pamoja na jua. Kundi hilo limetajwa pamoja na Orioni katika Kitabu cha Ayubu, na wakulima wengi wa zamani walilitazama ili kujua majira. Walakini mtoto atakaye kulitambua leo huzuiliwa na mawingu. Basi yafaa ajifunze kwanza chumbani, kwa mkebe na tochi.

Hutakiwa mkebe mkubwa, mathalan wa maziwa ya unga, wenye upana wa sentimita 12 hivi. Kitako chake ndicho kitakachokuwa mbingu. Nyota huchorwa kwanza juu ya karatasi nyembamba, kaskazini ikiwa juu na mashariki ikiwa mkono wa kushoto, kama mtu azionavyo akilala kichalichali, kichwa chake kikielekea kaskazini. Katikati huwekwa nyota tatu za mkanda wa Orioni, zilizo katika mstari mmoja. Mstari huo ukifuatwa kuelekea kusini mashariki, hufika karibu na Sirius, nyota isiyopitwa na nyingine kwa kung'aa usiku (Zuhura huipita, lakini Zuhura ni sayari). Ukifuatwa kuelekea kaskazini magharibi, hupita karibu na Aldebaran, nyota yenye wekundu, kisha huelekea Kilimia. Kilimia na mkanda hupewa nafasi kubwa kuliko haki yao, maana zikichorwa kwa kipimo cha kweli tundu zake zingeshikamana na kuwa moja.

Sasa laja kosa linaloharibu kazi ya wengi. Mtu huibandika karatasi juu ya kitako, wino ukimtazama yeye, akatoboa. Huona kazi yake ni nzuri. Lakini taa ikiwashwa ndani, nyota zote zimegeuka, za kulia ziko kushoto. Sababu yake ni kwamba yeye aliutazama mkebe kwa nje, na nuru yatoka ndani. Mtoto atakayejifunza kwa mkebe huo, mvua ikipisha, atakitafuta Kilimia kaskazini mashariki hali kiko kaskazini magharibi. Dawa yake ni nyepesi: karatasi ipakwe mafuta kidogo ya kupikia ili wino uonekane hata kwa nyuma, kisha ule upande wenye wino ulazwe juu ya bati. Hapo hutobolewa kwa nyuma ya karatasi.

Kigogo cha mti hutiwa ndani ya mkebe, kitako kikae juu yake, kisije kikabonyea kwa nyundo. Nyota ndogo hutobolewa kwa sindano nene, na Sirius kwa msumari mdogo. Bati lililotobolewa hukata vidole, kwa hiyo ndani yake hapashikwi ovyo.

Imebaki taa, nayo ndiyo kazi yenyewe. Nuru hwenda kwa mstari ulionyoka. Kila sehemu ya taa hupeleka nuru yake katika tundu, na kila sehemu hufika mahali pake darini. Kwa hiyo taa pana hufanya nyota pana. Taa ikiwa sentimita 10 chini ya tundu, na dari ikiwa sentimita 150 juu ya tundu, upana wa taa huongezeka mara 15. Taa ya tochi yenye upana wa milimita 2, ikiondolewa kioo chake na kile kikombe kinachong'aa nyuma yake, hufanya nyota ya sentimita 3 na zaidi kidogo. Mwali wa koroboi wenye upana wa sentimita moja hufanya waa la sentimita 15, na nyota zote huchanganyika. Tena koroboi hutoa moshi, hulipasha bati moto, na katika nyumba ya nyasi yaweza kuiteketeza nyumba nzima. Haifai kabisa.

Taa za wavuvi wa dagaa wa Karema, katika Ziwa Tanganyika, si ndogo. Zikiwa mbali sana na ufuko huonekana kama nukta. Na nyota za kweli ni hivyo hivyo, ni majua makubwa yaliyo mbali.

Watu wazima nao wameifanya kazi hii. Mwaka 1923, huko Ujerumani, Walther Bauersfeld wa kiwanda cha Zeiss alionyesha chombo kilichopeleka nyota kwa maelfu juu ya kuba jeupe, kwa taa na vioo vya thamani kubwa. Mwaka 1947 Armand Spitz wa Marekani aliwauzia watu chombo cha bei nafuu, nacho kilikuwa kama mkebe huu: sanduku la pande 12 lenye tundu, na taa moja ndogo katikati.

Nyumba isiyo na dari hutandikwa shuka nyeupe toka ukuta hata ukuta. Mkebe huwekwa juu ya kigoda, kitako juu, tochi ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Ukiinamishwa polepole kuelekea magharibi, nyota hushuka upande huo kama zinavyoshuka usiku. Mwisho wa Januari, karibu saa nne za usiku, mkanda wa Orioni huwa karibu na utosi juu ya Mpanda. Mawingu yakipasuka kwa dakika chache tu, aliyejifunza darini hutoka nje na kutazama kaskazini magharibi.